Kinga ya Umeme: Ni Lini Mtu Atasema «Yatosha»?

Mdogo wangu anakaa Ubelgiji, katika milima ya Ardennes. Ni fundi wa kuunga vyuma, ana mke na watoto wawili, na siku ya Mungu anaimba katika korali ya parokia yake. Mwaka jana alinunua kinga mpya, ndiyo baiskeli, lakini si ya namna tunayoizoea sisi. Ni kinga ya milimani yenye moteri ya umeme. Mwezi uliopita aliniandikia barua ndefu kwa simu, na mwisho wake aliuliza hivi: «Yaya, wewe ulisoma Seminari, mimi nilisoma ufundi tu. Uniambie: ninafanya zambi, ao ninajisumbua bure?»

Nilifikiri nitamjibu kwa maneno mawili. Lakini nilipoanza kuandika niliona kwamba ulizo lake linanigusa mimi mwenyewe, tena sana. Kwa hiyo nilimwomba ruhusa nimjibu hapa, mbele yenu ninyi nyote, maana ulizo hilo si la mtu mmoja. Aliye na kinga analo, aliye na nyumba analo, hata aliye na sufuria moja analo. Nalo ni hili: mtu akiisha kupata kitu kizuri, ni lini kitu hicho chatosha?

KITU CHENYEWE

Kwanza tujue kitu tunachosema. Mtu akihukumu asichokijua, anahukumu kivuli.

Kinga ya milimani ilizaliwa Marekani, katika jimbo la California, miaka ya 1970. Vijana wa wilaya ya Marin, karibu na mlima Tamalpais, walitwaa kinga za zamani zenye tairi nene, wakashuka nazo kwa mbio katika njia za mawe na vumbi. Mwaka 1976 walianza kushindana katika njia moja waliyoiita Repack, maana yake «kujaza tena». Waliiita hivyo kwa sababu breki ya nyuma ilipata moto sana hata grisi yake ikaungua, na baada ya kushuka walipaswa kuijaza grisi upya. Basi wakaanza kuzitengeneza kinga zile: wakatia breki bora, wakatia gia nyingi, na mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaunda kinga mpya kabisa kwa ajili ya kazi hiyo. Mjue basi, kinga ya namna hii ilipatikana kwa sababu watu hawakukubali kuacha kitu kama kilivyokuwa. Neno hilo tulishike, tutalirudia.

Moteri ilikuja nyuma. Mwaka 1993 kampuni Yamaha ya Japani ilianza kuuza kinga ambayo moteri yake inasaidia miguu. Katika kinga ya milimani ya siku hizi, moteri mara nyingi inakaa katikati, penye pedali. Mtu akikanyaga, chombo kidogo ndani yake chapima nguvu ya miguu, na moteri inaongeza ya kwake. Akiacha kukanyaga, nayo inaacha. Katika Umoja wa Ulaya sheria imeweka mpaka: nguvu ya kudumu ya moteri isipite wati 250, na msaada wake ukome mwendo unapofika kilometa 25 kwa saa. Ikipita mpaka huo, mbele ya sheria si baiskeli tena, ni namna ya piki-piki ndogo, nayo mara nyingi yapaswa kuandikishwa. Kinga yenyewe ni nzito, kilo 20 mpaka 25 mara nyingi. Na bei ya zile zilizo imara ni maelfu ya euro. Ile ya mdogo wangu ilimgharimu euro 5200.

Msishtuke upesi. Kazi yake iko mbali na nyumba, kilometa 18, na njia ni ya vilima. Gari wanalo moja, na mke wake analitumia usiku, kwa maana anahudumia wagonjwa. Alitunza feza miaka mitatu, hakukopa. Tangu aliponunua kinga ile anakwenda kazini kwa njia ya msitu, na siku ya posho anatembea na rafiki zake katika njia zilezile. Mpaka hapa sioni ubaya wowote. Mtu anafanya kazi, anatunza feza, ananunua chombo cha kumpeleka kazini na cha kumfurahisha. Mungu asifiwe.

SIKU YA NNE

Lakini barua yake haikuishia hapo. Aliniandikia vitu vyote alivyoongeza, kimoja kimoja, kama mtu anayeungama.

Kwanza tairi. Zile za dukani ziliteleza katika matope, akatia nyingine nene zaidi, zisizo na mpira wa ndani, zenye maji mazito yanayoziba tundu la mwiba. Pili breki. Siku moja aliposhuka mlima alisikia harufu ya kuungua, akabadili zile sahani za breki, akatia kubwa za milimeta 203. Tatu, akatia nguzo ya kiti inayoshuka na kupanda kwa kubonyeza kidole, kusudi kiti kisimsukume anapotelemka. Nne, akabadili uma wa mbele wenye springi. Ule wa kwanza haukuwa na kosa, lakini huu mpya ni mrefu kidogo, na rangi yake ni ya zahabu. Tano, akanunua usukani wa nyuzi za kaboni, kusudi apunguze gramu 150. Yeye mwenyewe ana kilo 88, na mke wake alipousikia mpango huo alicheka mpaka akakaa chini. Sita, akanunua betri ya pili, nayo iko rafuni, maana safari inayotaka betri mbili hajaifanya bado.

Na sasa rafiki zake wanamwambia habari ya saba: kuna kidude kidogo kinachofungwa karibu na moteri, kinachoidanganya isijue mwendo wake. Basi inaendelea kusukuma hata baada ya kilometa 25 kwa saa, na nje hakuna anayeona kitu.

Aliandika hivi: «Yaya, kila nikiongeza kitu nafurahi siku tatu. Siku ya nne naona sehemu nyingine ambayo sasa ni mbaya kupita zote. Zamani nilikuwa napanda kwa kuona msitu. Siku hizi napanda kwa kusikiliza kinga.»

Ndugu zangu, ugonjwa huo si wa leo. Katika karne ya 18 Ufaransa ilikuwa na mwanafalsafa aliyeitwa Denis Diderot. Hakuwa rafiki wa Eklezia, lakini alikuwa na macho. Alipewa zawadi ya joho jipya zuri la kuvaa nyumbani, akalitupa lile la zamani. Alipoketi na joho lile jipya, kiti chake cha majani kilionekana kibaya, akaleta cha ngozi. Kisha meza ikaonekana mbaya, kisha picha za ukutani, mpaka chumba chote kikageuka na feza zikaisha. Akaandika kwamba kwa joho la zamani alikuwa bwana, na kwa joho jipya amekuwa mtumwa. Tazameni: zawadi yenyewe ilikuwa nzuri. Ila kitu kizuri kikiingia penye vitu vya kawaida, kinavishitaki vyote.

VIOO VYA BABA

Mtu atasema: «Basi dawa ni rahisi. Kitu kibaki kama kilivyonunuliwa, mtu asiongeze hata msumari.» Najibu: hapana. Wale vijana wa California wangalifuata shauri hilo, kinga ya milimani isingalikuwapo. Na mimi na mdogo wangu tusingalisoma.

Baba yetu alikuwa na kinga moja nyeusi ya chuma, nzito, bila gia. Alikuwa akitoa makala porini na kuyapeleka soko la Kolwezi. Alipoinunua, kibebeo cha nyuma kilibeba gunia moja tu. Akatafuta vyuma vya kujengea nyumba, akampa fundi, akaunga kibebeo kipya kirefu. Akakaza spoki zote, akachonga mti wa kuegemeza kinga wakati wa kupumzika. Basi ikabeba magunia matatu. Gunia la kwanza lilikuwa la chakula, la pili la deni, na la tatu lilikuwa la masomo yetu. Ni nani atakayesema baba alipaswa kuiacha kinga kama ilivyotoka dukani?

Kisha alifanya jambo lingine. Alifunga vioo viwili kwenye usukani, na katikati yake akatia maua ya plastiki mekundu. Mama alimwuliza: «Vioo hivi vinaleta makala mangapi?» Baba akajibu: «Vinanileta mimi nyumbani.»

Nilipokuwa Seminari nikisoma maadili, nilikumbuka mara nyingi vioo vile. Havikubeba kitu. Kwa hesabu ya duka vilikuwa feza iliyopotea. Lakini mtu anayesukuma magunia matatu katika mchanga, jua likiwaka, ana haki ya kuwa na kitu kimoja ambacho ni furaha tu. Mungu mwenyewe aliotesha maua porini mahali ambapo hakuna anayepita. Kwa hiyo tusiseme: kila kisicho na faida ni zambi. Hilo ni fundisho la mtu bahili, si fundisho la Kristu.

KIPIMO CHA CHOMBO

Basi mpaka uko wapi? Aristotele, mwalimu wa Wagiriki aliyekufa miaka zaidi ya 300 kabla ya Bwana wetu kuzaliwa, alitoa fikira moja ambayo walimu wetu walipenda kuirudia. Alisema kwamba hakuna chombo cha kazi yoyote kisicho na kipimo, si kwa wingi, si kwa ukubwa. Nyundo ina ukubwa wake, maana kazi yake ni kupiga msumari. Nyundo kubwa kama nyumba si nyundo bora, si nyundo tena. Ni kazi inayokipa chombo kipimo chake. Lakini mtu akisahau kazi, akatafuta tu kuzidisha, hapo kipimo kimepotea, na hawezi kufika, kwa sababu hakuna mahali pa kufikia.

Kwa fikira hiyo tuzipime kazi za mdogo wangu. Tairi ziliombwa na matope. Breki ziliombwa na mlima, maana kinga ya kilo 24 na mtu wa kilo 88 haisimami kwa kupapaswa. Hizo ni kama kibebeo cha baba: njia iliuliza, naye alijibu. Nguzo ya kiti ina faida kidogo na furaha kidogo, tuiweke pamoja na vioo. Lakini uma wa rangi ya zahabu, usukani wa kaboni na betri ya rafuni, ni nani aliyeviomba? Si njia. Vimeombwa na kinga yenyewe, ao tuseme kweli, vimeombwa na duka kwa sauti ya kinga.

Hapo ndipo ninapoona shina la jambo. Kitu hakiwezi kusema «yatosha». Hakina kinywa wala roho. Duka laweza, lakini halitaki. Basi anabaki mmoja tu wa kulisema neno hilo, ndiye mwenye kitu. Ikiwa naye ananyamaza akingoja kitu kiseme kwanza, atangoja mpaka kaburini, kama yule tajiri wa Injili aliyebomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, na usiku uleule akaitwa.

USIKU WA MVUA

Sasa ni zamu yangu ya kuungama, maana si haki nimfungulie mdogo wangu vidonda na kuficha vyangu.

Mimi ninatembelea vituo vitano, na kile cha mbali kiko kilometa 31. Miaka mitatu iliyopita Wakristu wa vituo vile walichanga feza, wakaninunulia kinga mpya yenye gia. Nililia kwa furaha siku ile. Kisha, kwa feza ya shamba langu la maharagwe, nikaanza kuiongeza. Nikatia kiti laini, taa nzuri, na gia bora kuliko za kwanza. Chuma chote nikakifunga kwa plastiki kisichubuke. Jioni niliifuta kwa kitambaa kabla ya kusali.

Usiku mmoja wa mvua kubwa, jirani yangu alibisha. Alisema: «Mwalimu, mtoto ana homa kali, ameanza kutetemeka mwili wote. Tunaomba kinga tumpeleke kituo cha afya.» Kituo kiko kilometa 9. Nami nilitazama matope ya nje, nikafikiri gia zangu. Nikamjibu: «Njia ni mbaya sana leo. Enda kwa yule mwenye kuuza makala, kinga yake imezoea matope.» Alinitazama kidogo. Akasema: «Asante, Mwalimu», akaenda.

Nikarudi kitandani. Mke wangu hakusema neno, lakini nilijua hasinzii. Baada ya robo saa niliamka, nikatoa kinga, nikawafuata. Muuza makala hakuwa nyumbani. Nilimkuta jirani njiani akitembea kwa miguu katika giza, mtoto mgongoni, amefunikwa kwa gunia. Nikawapakia. Tulifika. Mtoto alitiwa dawa, akapona, na leo anasoma katekisimu kwangu, ananiitika vizuri kama wengine. Baba yake hajawahi kunikumbusha jambo lile.

Lakini mimi ninalikumbuka. Kinga ile nilipewa na Wakristu iwahudumie, nami kwa kuiongeza nikaifanya isiweze kuwahudumia. Siku ilipokuwa ya kawaida ningalimpa mtu yeyote. Ilipokuwa bora, nikaogopa. Kitu kilikuwa kimeongezeka, na mimi nilikuwa nimepungua. Zile gia ziliingia mchanga usiku ule, zikaharibika. Hata leo kinga ina gia moja tu, nayo inakwenda.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba yafaa mtu awe na mali yake, kwa sababu kila mtu hutunza vizuri zaidi kilicho chake. Lakini kwa kuitumia, asiishike kama yake peke yake, awe tayari kuwapa wenye shida. Nililijua fundisho hilo. Nilikuwa nimelijibu katika mtihani, nikapata alama nzuri. Usiku ule mtihani ulirudi, nami nikachelewa robo saa.

JIWE LA KWETU

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa huku hatuwezi kuliruka. Betri nyingi za kinga za namna hii zina kobalti ndani yake. Nyingine zinatumia chuma na fosfati, hizo hazina. Na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa katika nchi yetu ya Kolwezi na Likasi. Mdogo wangu alinitania: «Yaya, nilipoondoka nyumbani sikubeba kitu, na kumbe udongo wa nyumbani ulinitangulia.»

Sisi tunaujua udongo huo. Mtoto wa shangazi yetu ni mchimbaji wa mikono. Anashuka katika shimo kwa kamba, anapanda na gunia, anauza kwa bei isiyowekwa na yeye. Mwaka 2019, mwezi wa sita, machimbo karibu na Kolwezi yaliporomoka, yakaua wachimbaji zaidi ya 30. Tulisali Misa kwa ajili yao.

Mtu atasema: «Basi mdogo wako asingalinunua kinga ile.» Najibu: sisemi hivyo. Wale wanaochimba wanakula kwa jiwe lile, na tukililaani jiwe hatumlishi mtu. Wenye deni la kwanza ni wale wenye nguvu ya kuweka bei na kulinda shimo, nao wana Mwamuzi wao. Lakini anayenunua naye ana deni lake, hata likiwa dogo: asiharibu. Betri inayompeleka baba kazini kila siku imelipa jasho lililoitoa. Betri iliyonunuliwa ili ikae rafuni ni jiwe lililofukuliwa kwa hatari ya mtu, likazikwa tena katika nyumba nzuri. Nayo inazeeka hukohuko rafuni, hata bila kutumiwa. Kwa hiyo neno «yatosha» halihusu amani ya roho yangu tu. Linafika mbali, mpaka kwenye kamba ya yule aliye chini.

JIBU

Sasa, mdogo wangu, nakujibu.

Umeuliza kama umefanya zambi. Katekisimu inatufundisha kwamba ili zambi iwe ya mauti, lazima jambo lenyewe liwe zito, mtu alijue, na akubali kwa moyo wake. Usukani wa kaboni si jambo zito, hata kwa gramu zake. Usijitese. Lakini ile siku ya nne usiidharau. Ni kengele ya zamiri, nayo inalia polepole ili usishtuke, usidhani kwamba haina maana.

Tairi na breki, umefanya vema. Watoto wako wanahitaji baba anayeweza kusimama. Nguzo ya kiti, ifurahie. Baba angaliipenda. Uma na usukani vimekwisha kununuliwa, usivichukie, visafishe, uvitumie mpaka vichakae.

Betri ya pili usiiache rafuni. Mtafute mtu mwenye kinga ya namna yako ambaye betri yake imekufa, umwuzie kwa bei ya undugu. Na ile unayoitumia uitunze: usiiache siku nyingi ikiwa tupu kabisa, wala ikiwa imejaa kabisa, wala usiiweke penye joto kali. Ikifa, usiitupe na takataka, uipeleke pale wanapokusanya betri, ili madini yake yatolewe tena. Hiyo nayo ni heshima kwa mtoto wa shangazi.

Kile kidude, kikatae. Hapa sina maneno ya katikati. Kazi yake yote ni kusema uongo: kinaidanganya moteri, nawe unaidanganya sheria, na unawadanganya wale unaokutana nao msituni, wazee na watoto, wanaodhani kwamba inayokuja ni baiskeli. Utasema: «Wengi wanacho.» Wingi wa watu haubadili uongo kuwa kweli. Ukitaka mwendo wa piki-piki, nunua piki-piki, uiandikishe, upite barabarani mchana kweupe.

Tena nakupa sheria moja, nami naishika pamoja nawe. Mwaka mzima, toka baridi mpaka baridi, usiongeze kitu. Osha kinga, tia mafuta cheni, kaza kinacholegea, badili kinachovunjika, basi. Ukisikia hamu, jiulize: njia ndiyo inayoomba, ao duka? Njia ikiomba kweli, itaomba hata mwaka ukiisha. Duka halina uvumilivu wa mwaka.

Na la mwisho. Katika barua yako yote, kurasa nyingi, sikuona mahali ambapo mtu mwingine amepanda kinga yako. Mpe mtu. Mpe yule jirani mzee uliyeniambia kwamba magoti yamemfungia nyumbani. Iende na matope yake, irudi na mkwaruzo. Mkwaruzo huo utakufundisha kuliko mimi. Siku utakapoutazama na moyo usikuume, ujue kwamba kinga imerudi kuwa kinga, nawe umerudi kuwa mwenyewe.

Wasomaji wapenzi, msidhani kwamba anayeandika haya amekwisha kushinda. Ninapokwenda mjini ninapita mbele ya duka moja lenye gia mpya, zimetundikwa mlangoni, zinang'aa. Kila mara ninasimama kidogo. Njia ya kituo changu cha mbali ina kilima kimoja kirefu, na gia zingenisaidia. Hilo ni kweli. Lakini najua pia kitambaa kile nilichokuwa nikifutia, na najua robo saa ile. Basi nangoja mwaka utimie, kama nilivyomwagiza mdogo wangu. Ukitimia, na kilima kikiwa bado kinaomba, nitazinunua bila aibu, na usiku uleule nitakwenda kumwambia jirani yangu kwamba kinga iko, wakati wowote atakapobisha.